Kitambaa cha Mkataba

Tonawanda, New York
19 Oktoba 1986

Mjukuu wangu mpendwa Renata,

Salamu nyingi zikufikie hapo Cleveland, wewe pamoja na baba yako Lyman na mama yako Halina, nikitumaini kwamba zitawakuta nyote katika afya ile ninayowaombea kila asubuhi. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi lina maoni yake kuhusu ngazi. Kabla sijaandika neno jingine, yanipasa kukuomba radhi. Barua yako ilinifikia majani yakiwa bado mabichi mitini, nami ninaijibu yakiwa yote chini. Sina udhuru unaostahili kuitwa udhuru. Tangu bibi yako alipotutoka nimegundua kwamba yeye ndiye aliyekuwa akinikumbusha kujibu barua, na miaka yote hiyo nilikuwa nikijidhania mtu mwenye adabu.

Huku mahindi meupe tumekwisha kuyavuna, na mashuke yamesukwa, yananing'inia barazani. Kinanda cha kanisa kimeharibika, hivyo tunaimba bila msaada wake, na sasa imejulikana ni nani aliyekuwa akijificha nyuma ya sauti yake.

Niruhusu niingie katika lile uliloniandikia. Nimefurahi kwamba umechaguliwa kuingia darasa la historia ya Marekani linalofundishwa kwa kiwango cha chuo kikuu, nawe ungali mwanafunzi wa sekondari. Unasema Mwalimu Prentiss, alipofika miaka ya kwanza ya Jamhuri, alitamka kwamba mikataba iliyofungwa na mataifa ya wenyeji wakati ule leo ni karatasi za makumbusho. Nawe ukainua mkono ukasema kwamba babu yako, Mseneka, mtu wa mojawapo ya mataifa hayo, hupokea kitambaa kila mwaka kwa mkataba wa mwaka 1794, na darasa likacheka. Usiwakasirikie. Mimi mwenyewe, katika shule ya misheni, nilikaririshwa majina ya marais wote kwa mpangilio, na Bi. Thorne, aliyetufundisha kwa moyo mwema na fimbo nyembamba, hakuutaja mkataba huo hata siku moja. Niliujua nikiwa nimeshika sketi ya mama yangu katika foleni.

Ni kweli, tunapokea. Serikali iliahidi nguo kila mwaka, milele. Kiasi cha fedha kilichotengwa kwa nguo hiyo hakijaongezwa tangu siku ile, ilhali bei ya pamba haikuwahi kusikia habari za mkataba. Bibi yako alipokuwa msichana alitoka katika foleni na kitambaa cha maua kinachotosha gauni. Mwaka jana mimi nilitoka na amerikani isiyopaushwa, ya kutosha kufunika mkate. Imependekezwa zaidi ya mara moja tupewe fedha kwa mkupuo ili mambo yaishe. Wazee wetu walijibu kwa upole kwamba wanataka kitambaa. Mtu akikulipa yaishe, yamekwisha.

Cha mwaka huu hakijagawiwa. Kikigawiwa, nitakutumia changu ukawaonyeshe wenzako. Niwie radhi kwa mwandiko huu. Barua hii nimempa Bw. Delbert, jirani yangu, anayepeleka tufaha huko kwenu kwa lori lake.

Babu yako,
Ansel Skye

*

Cleveland, Ohio
9 Novemba 1986

Shikamoo Babu,

Barua imefika na tufaha tatu juu. Bw. Delbert alisema hizo hazikuandikwa popote, tule tu.

Sisi wazima. Baba yuko Pittsburgh, wanajenga daraja, anarudi Jumamosi akiwa amechoka hata kusema. Mama anakusalimia. Anasema kinanda kikishindikana uje utuimbie hapa, yeye atachemsha viazi.

Babu, darasani mambo yamepamba moto. Kuna Garrett Boyle anakaa nyuma yangu. Kila nikipita ananiambia, "Skye, ukimwona Rais mwambie na mimi namdai suruali." Mwalimu Prentiss si mtu mbaya. Alimnyamazisha, halafu akaniambia, "Lete tukione. Ushahidi kwanza, hoja baadaye. Ndivyo mtihani wa Mei unavyotaka." Kwenye mtihani huo unapewa karatasi zilizoandikwa zamani, unazipanga, unajenga hoja. Lakini kabla ya hapo, Aprili, kila mmoja wetu atasimama mbele ya darasa na wazazi na kitu kimoja cha miaka ile ya kwanza, aseme kinathibitisha nini. Wengine wanaleta picha za sarafu na ramani. Mimi nimechagua kitambaa. Nataka kusema kwamba mkataba ni mzima, na sisi tupo.

Ila umenijibu nusu. Nilikuomba vitu viwili: chako nikione, na changu unitumie. Kile chenye jina langu. Nimeshasema darasani kwamba kila mmoja wetu hupewa. Nilimuuliza baba kwa nini changu hakijawahi kufika hapa. Aliendelea kufunga viatu, akasema, "Muulize babu yako." Mama akamtazama. Sikuelewa walivyotazamana.

Basi nakuuliza.

Mjukuu wako,
Renata

*

Tonawanda
14 Desemba 1986

Mjukuu wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote na kukuombea wewe na wazazi wako Krismasi ya amani. Kwa mara nyingine naandika nikiwa nimechelewa, na kwa mara nyingine naomba msamaha, nikijua kwamba msamaha unaoombwa mara kwa mara huchakaa kama kola ya shati.

Theluji imefika magotini. Delbert amenilimia njia hadi barabarani bila kuombwa, kisha akakaa kunisimulia habari za magoti yake mwenyewe, ambayo ni mabaya kuliko yangu.

Kitambaa kimegawiwa. Tulisimama foleni kama kila mwaka, wazee mbele, kina mama na watoto wachanga katikati, na vijana nyuma wakijifanya wamekuja kwa ajili ya supu tu. Mbele yangu kijana mmoja alikipokea chake, akakiinua kwenye mwanga, akasema, "Babu Ansel, mwakani watatupa uzi." Watu walicheka, nami nilicheka. Kisha nilimwona akikikunja kwa uangalifu sana na kukitia ndani ya shati, upande wa moyo. Mambo ya namna hiyo Mwalimu Prentiss hatayakuta katika karatasi zake, nawe utaangalia mwenyewe kama yanafaa kuitwa ushahidi.

Changu nimekifunga humu. Hakina maandishi wala muhuri. Ni kitambaa tu. Atakayekitazama bila kuambiwa habari yake atakitumia kufutia sahani, na hatakuwa na kosa.

Kuhusu swali lako la pili, jambo hilo lina marefu yake, na karatasi hii, kama unavyoona, imefika ukingoni.

Kifurushi anakileta Bi. Arlene, mpiga kinanda wetu asiye na kinanda, anayekuja kula Krismasi kwa binti yake huko kwenu.

Babu yako,
Ansel

*

Cleveland
22 Januari 1987

Shikamoo Babu,

Ahsante kwa kitambaa. Mama alikinusa kabla ya mimi kukigusa. Anasema kinanuka moshi wa jiko lako.

Baba amepata kazi hapa mjini mpaka masika, kwa hiyo tunamwona. Mama alianguka kwenye barafu lakini ni mkono tu, umeshapona.

Nilikipeleka shuleni, kikazungushwa dawati kwa dawati. Hakuna aliyecheka. Hata Garrett alikishika kwa ncha za vidole, akaniuliza, "Hiki ndicho? Kweli wanaleta kila mwaka?" Nikamwambia kila mwaka tangu Rais wa kwanza. Akakigeuza. Halafu akauliza, "Na chako kiko wapi?"

Nikasema kinakuja. Mwalimu Prentiss naye alipokuwa akinirudishia insha, aliniuliza taratibu, "Umeandika hapa 'kila mmoja wetu.' Una uhakika? Neno 'kila' ni zito." Nikamwambia nina uhakika.

Babu, karatasi yako ilikuwa na upande wa pili. Ulikuwa mtupu.

Mimi si mtoto mdogo. Aprili nitasimama mbele ya watu niseme "sisi." Nina haki ya kusema hivyo au sina? Nimesema uongo au sijasema? Usinipe habari za theluji.

Renata

*

Tonawanda
1 Machi 1987

Mjukuu wangu mpendwa,

Salamu kwako na kwa wazazi wako, na pole kwa mama yako kwa kuanguka. Umenikataza habari za theluji, nami natii.

Kwa sheria yetu, mtoto ni wa watu wa mama yake. Baba yako ni wa ukoo wa Mwewe kwa sababu bibi yako alikuwa wa Mwewe. Wala baba yako si wa ukoo wangu, ingawa nilimzaa. Mimi ni wa Kobe, na katika nyumba yangu mwenyewe nilikuwa Kobe peke yangu kati ya Mwewe. Mama yako ni Halina Nowicki, binti wa watu waliotoka Poland. Kwa hiyo wewe, kwa sheria hiyo, si Mseneka. Hakuna kitambaa chenye jina lako, wala hakijawahi kuwapo. Sentensi hizi nimeziandika na kuzitupa mara nyingi. Nimeziacha hizi kwa sababu ndizo fupi kuliko zote.

Ningependa kuongeza kwamba moyoni mwangu hupungukiwi chochote. Naongeza hilo, ila najua silo uliloliuliza.

Sikutaka kukuandikia kabla ya kwenda kwa Bibi Minerva, dada mkubwa wa marehemu bibi yako. Yeye ndiye mama wa ukoo wa Mwewe. Kina mama hao ndio wanaochagua machifu na kutoa majina, na zamani kuna wageni waliopewa ukoo kwa kauli yao. Minerva ni wa Nyumba Ndefu, wanakofuata ibada za kale. Mimi ni wa kanisa ng'ambo ya barabara. Tumesalimiana kwa adabu miaka mingi bila kuombana lolote. Nilivaa tai nikaenda.

"Shemeji," akasema akiniona mlangoni, "umekuja kuposa au kuzika?"

"Nimekuja kuuliza, ukiniruhusu."

"Wewe na ruhusa zako. Wamisionari walikufundisha kubisha hodi hata penye mlango wazi. Kaa. Supu ya mahindi iko motoni."

Nikamweleza habari zako zote, za darasa na kitambaa. Alisikiliza huku akikoroga sufuria.

"Lyman alioa alikotaka," akasema. "Mimi sikumkataza, na mke wake hana kosa lolote. Lakini sheria hii si yangu, Ansel. Mimi nimeishikilia tu, kama mtu anavyoshikilia sufuria ya moto. Nikiiachia kwa sababu ya mjukuu wa dada yangu, kesho nitamkatalia nani?"

"Wapo wageni waliopewa ukoo zamani."

"Wapo. Walikaa nasi, wakapika nasi, wakatuzika. Huyu nimemwona lini? Kwenye mazishi ya bibi yake. Alinisaidia kubeba vyombo, mtoto mwenye mikono myepesi. Basi. Siwezi kumsemea mtu nisiyemjua. Na yeye ananijua mimi?"

"Hakujui."

"Haya. Kunywa supu, halafu uvue hiyo tai, inakukaba."

Hakukubali wala hakukataa, nami nikashukuru kwa supu. Hayo ndiyo niliyo nayo. Baba yako alinirushia mzigo uliokuwa wake, lakini simlaumu, ni mzito.

Kitambaa changu kaa nacho, ukitaka kukitumia. Barua hii nimeitia posta mwenyewe, kwa kuwa sikupenda mtu mwingine aibebe.

Babu yako,
Ansel

*

Tonawanda
20 Aprili 1987

Mjukuu wangu mpendwa,

Nakusalimu. Najua siku yako ya kusimama mbele ya darasa imekwisha kupita. Sikuulizi ilikuwaje. Nilitaka tu ujue kwamba mimi ni mzima, na kwamba kutoandika kwako nakupokea kama jibu, na ni jibu la haki. Miche ya stroberi imeanza kutoa majani.

Delbert anapita huko kesho. Ameagizwa asisubiri majibu.

Babu yako,
Ansel

*

Cleveland
17 Mei 1987

Shikamoo Babu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Sasa naandika kama wewe.

Nilikuwa na hasira. Kitambaa chako nilikitupa kwenye droo ya soksi. Nilimwambia baba, "Ulijua." Akasema, "Nilijua." Nikamwambia, "Mbona hukusema?" Akajibu, "Kwa sababu ningekuwa mimi niliyekutoa." Baba hajawahi kuniambia maneno mengi kama hayo kwa siku moja.

Nilitaka kumwomba Mwalimu Prentiss nibadilishe, nilete sarafu kama wengine. Nilitaka pia kusema yale yale niliyopanga, kila mmoja wetu, sisi, na nani angejua? Jina langu ni Skye. Siku ilipofika, wazazi walikaa kwenye viti vya nyuma, mama safu ya tatu, amevaa sweta lake zuri. Baba alisimama karibu na mlango.

Nikakining'iniza ubaoni. Nikasema, "Hiki ni cha babu yangu. Serikali humpa kila mwaka kwa mkataba wa 1794. Nilisema huko nyuma kwamba kila mmoja wetu hupewa. Nilikosea. Mimi sipewi, kwa sababu mama yangu si Mseneka, na kwa sheria yao mtoto ni wa watu wa mama yake."

Garrett akasema, si kwa kunong'ona, "Kwa hiyo hata Wahindi Wekundu wenyewe hawakutaki."

Mwalimu Prentiss alianza kumkemea, nikamwomba aniache nijibu. Nikasema, "Kila mkataba tuliosoma mwaka huu una ukurasa unaoonyesha ulivunjwa lini na nani. Hata huu, ahadi ya nguo imebaki kitambaa cha kufunika mkate. Lakini hii sheria inayonitoa mimi haimo kwenye kitabu chetu, ni ya zamani kuliko Katiba, na mpaka leo haijavunjwa. Najua kwa sababu ingevunjwa, ningekuwa na kitambaa."

Mwalimu Prentiss alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu, halafu akasema, "Hoja imesimama. Anayefuata."

Garrett alinijia baadaye kwenye kabati za vitabu. Akasema, "Ile suruali, nimemsamehe Rais." Nadhani ndiyo namna yake ya kuomba radhi.

Lakini kuna kitu sikusema darasani na sijui nimwambie nani. Niliposema "mama yangu si Mseneka," nilimwona mama akiinamisha kichwa. Kama aliyeshikwa na kosa. Nilipofika nyumbani nilimkumbatia, akasema, "Nilikuharibia, eh?" Nikasema hapana. Sidhani aliniamini.

Mtihani nimefanya. Hawakuuliza hata neno moja kuhusu mikataba.

Babu, usirudi kwa Bibi Minerva kuniombea. Sitaki kuombewa. Lakini nataka kuja. Inaruhusiwa mtu kuja tu?

Renata

*

Tonawanda
7 Juni 1987

Mjukuu wangu mpendwa Renata,

Nakusalimu kwa furaha ambayo adabu inanitaka niipunguze, nami nimeshindwa. Msalimie baba yako, na umsalimie mama yako kabla yake. Niwie radhi kwamba barua yako nimekaa nayo wiki mbili nzima. Si uvivu. Nilikuwa nikiisoma.

Stroberi zimeiva. Kinanda kimetengenezwa, na baadhi yetu tumesikitika, kwa kuwa tulikuwa tumeanza kusikika.

Umeniuliza kama inaruhusiwa mtu kuja tu. Inaruhusiwa. Njoo siku ya kitambaa, usimame nami katika foleni, kwa sababu goti langu litahitaji mtu wa kuliegemeza. Utafika mezani na hutapewa kitu. Yakikuuma, usione haya, nitakuwa karibu.

Nilipenda kusoma uliyoyasema ubaoni. Sheria hiyo nimeishi ndani yake maisha yangu yote, hata sikuwahi kufikiri kwamba ni kitu kinachoweza kuvunjwa, na kwa hiyo sikuwahi kushukuru kwamba hakikuvunjwa. Bi. Thorne angekupa alama kamili, kisha angekuchapa kwa kujibizana.

Hata hivyo lililonikosesha usingizi ni kichwa cha mama yako. Katika foleni yetu kina mama wazee watakutazama na kuuliza swali moja, lile lile wanalomuuliza kila mtu wasiyemjua: "Mama yako nani?" Nimesimama pale tangu utoto wangu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza baba yangu ni nani. Swali hilo halimtafuti mwenye kosa. Kwetu ndilo swali la heshima kuliko yote. Kwa hiyo mlete Halina, asimame upande wako wa pili, ili utakapoulizwa umtaje kwa jina na kumwonyesha kwa mkono, naye awe ameinua kichwa. Watamuuliza naye mama yake ni nani, na itabidi ajiandae kusimulia habari za Poland.

Sikurudi kwa Bibi Minerva kukuombea. Nilikwenda kumsomea barua yako, jambo ambalo hukunikataza. Alinitaka nirudie pale uliposema "ningekuwa na kitambaa." Kisha akanimiminia supu ambayo sikuwa nimeiomba.

Barua hii inaletwa na yeye mwenyewe. Anasema anakuja Cleveland kwa daktari wa macho, ingawa juzi alimtambua kunguru ng'ambo ya shamba la Delbert na kunieleza kwamba anachechemea. Nilimwomba aikabidhi mkononi mwako. Amenijibu kwamba ataikabidhi kwa mama yako, kwa kuwa ndiye anayepaswa kusalimiwa kwanza.

Babu yako,
Ansel Skye